Mada za Ubuntu kwa Maneno ya Walimu

Kazi iliyonilea ni kutunza kompyuta za shule mkoani Morogoro, nyingi zikiwa mitumba, zikiendeshwa kwa Ubuntu. Mfumo huu endeshi wa programu huria ulianza kutolewa Oktoba 2004, na tangu hapo toleo jipya hutoka takribani kila miezi 6. Kuuweka kwenye mashine hakukutusumbua. Kilichotusumbua ni kwamba fundi akishapanda basi, mwalimu hana wa kumuuliza.

Kwa hiyo tulikubaliana kuandaa hazina ya maarifa kwa Kiswahili. Rasimu ya kwanza ya mada niliipinga. Ilifuata sehemu za mfumo: kiini, diski, mtandao, sauti, uchapaji. Fundi ataipenda. Lakini mwalimu ambaye kompyuta yake imekwama kwenye maandishi meupe hajui kwamba ugonjwa uko kwenye diski. Anachojua ni kuwa jana umeme ulikatika. Basi mada ikaitwa "Umeme ulikatika, kompyuta haimalizi kuwaka", na ndani yake tukaeleza fsck, amri inayokagua na kurekebisha mpangilio wa faili. Nyingine nazo tukazichukua kwenye daftari langu la simu za walimu, kwa maneno yao.

Modemu ndiyo iliyotuumiza kichwa kuliko yote. Mwalimu mmoja mtu mzima alinipigia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nimechomeka modemu, kompyuta inaniambia ni CD."

Alikuwa anaona sawasawa. Modemu nyingi za USB za wakati ule zilibeba programu za Windows ndani yake, na zikichomekwa hujitambulisha kwanza kama diski. Programu ya usb_modeswitch ndiyo inayoziamuru zifanye kazi ya modemu. Kwake haikuwapo, na kuipakua kulihitaji intaneti, ambayo ingepita kwenye modemu hiyohiyo! Mada inayoanza na neno "pakua" ingemsaidia nini? Tuliamua kila mada ya mtandao iende shuleni kwenye flashi pamoja na programu inazozitaja, na isomeke bila intaneti.

Kisha likaja suala la matoleo. Ubuntu 11.04 ilipoleta mwonekano wa Unity mwaka 2011, menyu za juu tulizozizoea ziliondoka, na kila maelezo yaliyosema "bofya menyu ya Mfumo" yakapotosha. Amri za terminali nyingi ziliendelea kufanya kazi. Nikashikilia tuandikie matoleo ya huduma ndefu tu: 10.04, lililohudumiwa miaka 3 kwa kompyuta za mezani, na 12.04, miaka 5. Kila mada ilitaja toleo lake na mtu wa kuihakiki. Iliyokosa mtu tuliiondoa, hata kama ilikuwa imeandikwa vizuri, na bado naona tulifanya haki. Maelezo yaliyopitwa na wakati humfanya mwalimu aharibu mashine iliyokuwa nzima.

Katika kuunganisha mada tulifuata utaratibu wa Mallard, unaotumiwa na mradi wa GNOME: kila ukurasa hutaja wenyewe mwongozo unakotakiwa kuorodheshwa, hivyo mada ikiongezwa orodha hujijaza.

Nanyi vijana mnaohudumia shule leo, simu ya mwalimu ikiingia, andikeni swali lake kama alivyolisema kabla hamjalitafsiri kwa lugha ya ufundi. Hicho ndicho kichwa cha mada.