Merikebu ya Padre Lana



Wapendwa katika Kristo, juma hili tumemkumbuka Padre Francesco Lana de Terzi, Mjesuiti wa Brescia, Italia. Mwaka 1670 alichapisha kitabu chenye mchoro wa merikebu ya angani: mashua yenye tanga, ikining'inia chini ya matufe manne ya shaba nyembamba. Matufe hayo yangeondolewa hewa yote iliyomo, yawe mepesi kuliko hewa ya nje, yapande kama povu lipandavyo majini.

Wazo lilikuwa sahihi. Kikwazo kilikuwa shaba. Ikiwa nyembamba kiasi cha kuelea, msukumo wa hewa ya nje ungeyabonyeza matufe. Ikiwa nene, yasingeinuka. Naye Padre hakuijaribu, kwani nadhiri ya ufukara haikumruhusu kuigharimia.

Lakini kilichotugusa zaidi ni kizuizi alichokitaja mwishoni. Aliamini kwamba Mungu asingekubali chombo hicho kifanikiwe, kwa kuwa hakuna mji ambao ungesalimika: moto ungetupwa kutoka juu, uteketeze nyumba, ngome na merikebu.

Mwaka 1783 ndugu wawili wa ukoo wa Montgolfier, huko Ufaransa, walirusha puto la hewa ya moto. Mwaka 1911 rubani Mwitalia aliangusha mabomu kutoka katika ndege huko Libya. Padre Lana aliuona uovu ule miaka zaidi ya mia mbili kabla. Alichokosea ni kudhani kwamba Mungu angeuzuia kwa niaba yetu.

Nasi tunakiri kosa hilo hilo. Mama mmoja alitujia akihofia ugomvi wa wanawe juu ya mpaka wa shamba. Tulikuwa tumechoka. Tukamwambia, "Mungu hataruhusu, mama," tukambariki, akaenda zake. Kabla mwezi haujaisha wanawe walipigana, na mmoja akapoteza jicho. Mama yule hakuuliza Mungu alikuwa wapi. Alituuliza, "Baba, mbona hamkuja?"

Mungu hakumfunga Kaini mikono. Alimwonya, kisha akamwachia hiari yake. Onyo huja kwanza, na mara nyingi hupitia kinywa cha mtu anayebisha hodi jioni.

Jumamosi hii tutakwenda katika shamba lile, ingawa tumechelewa. Mtuombee, nanyi mkaangalie ni mlango gani unaowangoja.

Dominika njema.