Kutafuta Kibovu Ng'ambo ya Likoni

Tulivuka kivuko cha Likoni Jumamosi asubuhi tukiwa watatu: mama, kijana wetu aliyemaliza kidato cha nne mwaka uliopita, na dada yake wa miaka 13. Wapitao kwa miguu hawalipi pale, na shilingi zetu 3,000 zilikuwa zingali nzima katika pindo la leso. Tulikuwa tunakwenda Mombasa kununua msumeno wa injini usiowaka.

Huenda msomaji akauliza, kwa nini kibovu? Kijana wetu alikaa miezi mitano katika karakana ya injini za mashua. Alichota maji, alitumwa chai, aliosha vyuma; spana hakupewa. Fundi hakuwa mtu mbaya. Mashine zilikuwa za watu, na mwanafunzi akiharibu, mwalimu ndiye alipaye. Mwezi wa tano ulipokwisha, kijana aliacha kwenda. Akawa anashinda kitandani, na tukimsemesha hujibu neno moja. Ndipo tukashauriana apate chombo chake mwenyewe, ambacho hata akikivunja hatadaiwa na mtu.

Msumeno wa injini unafaa kwa somo hilo. Injini yake ni ya mipigo miwili, ndugu wa zile za mashua nyingi ndogo, na yote hutosha juu ya mkeka mmoja. Ili iwake yahitaji mambo matatu: cheche, mafuta, na mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Anayejua kutafuta lipi kati ya hayo limekosekana, ameshika mlango wa ufundi.

Tulishuka matatu Posta, tukaingia vichochoroni wauzapo vyombo vikuukuu. Muuzaji wa kwanza alikuwa na msumeno uliopakwa rangi mpya ukang'aa kama pete. Kijana akaomba kufungua eksozi aichungulie pistoni. Pistoni ikiwa na michirizo, mara nyingi ni kwamba injini iliendeshwa bila oili, na gharama yake hupita bei ya msumeno. Muuzaji akakataa. Tukamshukuru, tukaenda zetu.

Wa pili alikuwa mzee mwenye kofia ya vito, amekaa juu ya ndoo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Huu hauwaki, na sababu siijui. Nikiwauzia, nawauzia pamoja na maradhi yake."

Dini yetu yamtaka muuzaji aitaje aibu ya bidhaa yake, nasi tulijua tumefika. Mzee mwenyewe alitupa spana. Pistoni ilikuwa laini. Kijana akaushika msumeno kwa kamba ya kuwashia na kuuacha uning'inie. Ukashuka polepole, kwa kusitasita, ishara kwamba mgandamizo ungalipo. Ungeanguka mara moja, tungeuacha. Alitaka 3,500, tukaagana kwa 2,600. Tukaswali adhuhuri msikiti wa jirani, kisha tukarudi kivukoni, msumeno ndani ya gunia. Kijana aliupakata njia nzima kama mtoto mchanga.

Nyumbani mnyororo ulivuliwa kwanza, ukafungiwa kabatini, kwani hatukuununua kwa kukata miti. Skrubu zilipangwa katika trei ya mayai kwa mfuatano wa kufunguliwa. Kabla ya petroli kuguswa, plagi ilitolewa, ikagusishwa chuma cha injini, kamba ikavutwa penye giza. Cheche ya buluu ikaonekana. Basi ugonjwa ulikuwa kwenye mafuta. Kijana alifungua kabureta, akaisafisha utando wa petroli iliyolala, akaifunga. Kimya. Akaifungua tena, akaifunga. Kimya. Siku ya tatu akaitupa spana, akatoka nje.

Dada yake, ambaye hakuna aliyempa kazi, alitia kidole ndani ya tangi akauvuta mpira wa mafuta. Ulikuwa umepasuka, hivyo injini ilifyonza hewa mahali pa petroli. Tulimwita kaka yake. Aliutazama mpira, akamtazama dada, akacheka kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi.

Mpira mpya ulikuwa shilingi 150. Tukachanganya lita moja ya petroli na mililita 20 za oili. Mvuto wa kumi na moja, moshi. Wa kumi na mbili, mngurumo. Kuku walitawanyika, na bibi akatoa kichwa dirishani, tasbihi mkononi, akiuliza kama ni gari au ni mwisho wa dunia. Kijana aliiacha ingurume kwa mwendo mdogo kidogo tu, kisha akaizima, akaketi kimya akiitazama.

Jumatatu alirudi karakanani bila kuambiwa. Hakwenda kuomba kazi. Alibeba trei ya mayai iliyobaki na skrubu mbili, akamuuliza fundi zilikuwa za wapi. Fundi akacheka sana, akamsogezea kigoda.