Ratiba ya Lushoto

Wahenga walinena kuwa mipango si matumizi. Methali hii niliisikia kwa mara ya kwanza nikiwa darasa la nne, na aliyenifundisha ni mama yangu mzazi, ambaye pia alikuwa mwalimu wangu wa Kiswahili. Sikudhani kwamba ingenirudia nikiwa na umri wa miaka 28, mwanafunzi wa shahada ya uzamili, nimeshika karatasi mbili za ratiba ya safari ya siku tatu, naye mwalimu yule yule ameketi mbele yangu akinisikiliza nikimsomea.

Safari yenyewe si ya kuvuka bahari. Ni ya kwenda Lushoto, mji mdogo ulio katika milima ya Usambara, kaskazini-mashariki mwa Tanzania. Kwetu ni Taveta, mpakani kabisa. Ukivuka Holili unafika Himo, na pale Himo unaipata barabara kuu iendayo Tanga na Dar es Salaam. Kutoka nyumbani hadi Mombo, chini ya mlima, ni karibu kilomita 200. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 30 na ushei za kupanda kwa kona juu ya kona, kutoka kwenye joto la tambarare hadi kwenye baridi ya mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Mtu anayeondoka Ijumaa alfajiri aweza kufika jioni, akakaa Jumamosi, na Jumapili akarejea.

Huenda, msomaji mpenzi, unajiuliza ni kwa nini nikaichagua Lushoto na si Malindi au Naivasha, waendako wengi wanapotaka kupumzika. Jibu limo katika tasnifu yangu. Kwa muda wa miaka miwili sasa nimekuwa nikikitafiti kitabu cha Habari za Wakilindi, kilichoandikwa na Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy. Kilianza kupigwa chapa mwaka 1895 na wamisionari wa Magila, na mwaka 1962 kikatolewa upya hapa Nairobi, kikiwa kimehaririwa na J.W.T. Allen. Ni miongoni mwa kazi ndefu za mwanzo za nathari ya Kiswahili tulizonazo, nami nimeisoma hadi nakala yangu imeachana na gundi yake.

Wengi wetu tunamjua Mbegha, shujaa wa sehemu ya kwanza ya kitabu hicho. Alizaliwa Nguu. Meno yake ya juu yalitangulia kuota, akaitwa kigego, na kigego alihesabiwa kuwa nuksi kwa ukoo wake. Jamaa zake wakamnyima urithi, naye akashika njia na mbwa wake, akawa mwindaji wa nguruwe mwitu porini. Alipofika Usambara, Washambaa waliuona moshi wa moto wake kabla ya kumwona yeye mwenyewe. Aliwapa nyama, nao wakampa vyakula vya shambani. Hatimaye mgeni huyo akatawazwa Vuga, na ukoo wake, Wakilindi, ukaitawala milima ile kwa vizazi vingi. Ama kweli, mgeni njoo mwenyeji apone.

Sasa, siku moja msimamizi wangu alifunga sura ya tatu ya tasnifu yangu, akanitazama juu ya miwani, akauliza, "Vuga umewahi kuiona?" Nikajibu kwamba sijawahi. Hakusema neno jingine. Alinirudishia karatasi zangu, nami nikatoka ofisini mwake nikiwa na haya ya mtu aliyesifia chakula asichokionja. Jioni hiyo hiyo nikaanza kuandika ratiba. Na kwa kuwa mama alikuwa amestaafu, na kwa kuwa tangu nizaliwe sijawahi kumwona akienda mahali kwa ajili ya kupumzika tu, nikaamua twende pamoja.

Ratiba yangu ya kwanza ilikuwa na vipengele 14. Ijumaa tungefika Lushoto na kuyaona majengo yaliyosalia tangu enzi za Wajerumani, waliouita mji huo Wilhelmstal, yaani bonde la Wilhelm, kwa heshima ya mfalme wao. Reli ya kutoka Tanga ilipofika Mombo mwaka 1905, iliwarahisishia njia ya kuja kuikimbia homa na joto la pwani. Mwaka 1916 Waingereza waliwang'oa, na jina la Lushoto likashika. Jumamosi alfajiri tungeteremka hadi Soni, kisha twende Vuga, nikae huko nusu siku na daftari langu. Ludwig Krapf alifika Vuga mwaka 1848 akitokea Rabai, Kimweri akiwa kwenye kiti, na mimi nilitaka kuona alichokiona. Mchana tungepanda Mlalo, ambako wakulima waliukataa mpango wa serikali ya kikoloni wa kuwalazimisha kuchimba matuta, hadi ukafutwa mwaka 1957. Jioni tungepitia msitu wa Magamba. Jumapili tungechungulia Irente kwa dakika 30, kisha tuanze safari ya kurudi.

Mama alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza kwa utaratibu, "Mwanangu, hii ni safari au ni mtihani?"

Nilicheka, lakini yeye hakucheka. Akaendelea, "Katika siku zote tatu sijasikia mahali pa kukaa. Na hiyo Irente uliyoipa dakika 30 ndiko unakoweza kuiona Mazinde?"

Nikamwambia kwamba ndiko. Irente ni ukingo wa mlima, kilomita 5 hivi kutoka mjini. Ukisimama pale, ardhi inakatika miguuni pako na chini kabisa unaiona tambarare, na Mazinde ikiwa chini yake. Nilikuwa nimeyasoma hayo na kuyaandika kwenye kadi zangu. Nisichokuwa nimekisoma popote ni kile alichonieleza mama usiku ule.

Babu mzaa mama aliaga dunia kabla sijazaliwa. Nilijua kwamba aliwahi kufanya kazi Tanganyika, basi. Kumbe miaka ya 1950 alikuwa manamba katika mashamba ya mkonge ya Mazinde. Alikuwa na kipande cha siku 30 za kazi, na kila siku aliyokata mkonge ikatiwa alama. Kila asubuhi, kwa mujibu wa mama, aliinua macho akautazama mlima uliosimama kama ukuta mbele yake, mawingu yakiwa yameukalia. Usiku aliona mioto juu. Aliambiwa kwamba watu wa kule hulala na blanketi mwaka mzima. Hadithi ya Mbegha aliisikia kwenye kambi ya manamba, akaja nayo Taveta, akamsimulia mama, naye mama akanisimulia mimi nikiwa mtoto. Hata siku moja babu hakuupanda mlima ule. Kila alipotaka kwenda, kipande kilikuwa hakijajaa. Na kilipojaa, alikuwa na hamu ya kurudi nyumbani.

"Baba alikuwa akisema," mama akaniambia, "kwamba mtu aliye juu pale lazima anawaona watu wa chini kama siafu. Mimi ninataka kwenda nikatazame pale alipokuwa amesimama. Mradi nitazame kungali na mwanga."

Hapo ndipo koo langu lilipokauka. Mama ana ule ugonjwa ambao watu huuita presha ya macho. Uligunduliwa ukiwa umeshamla jicho la kulia, na daktari alitueleza bila kuficha kwamba kilichopotea hakirudi. Dawa ya matone hulinda kilichobaki tu. Jicho la kushoto bado linaona vyema mbele yake, ila kando kando kunazidi kuwa giza. Mwangaza mkali humsumbua, na jioni jua linapozama hutembea akinishika mkono. Mimi niliyajua hayo yote. Mimi ndiye ninayemkumbusha matone yake kwa simu kila saa tatu usiku. Hata hivyo, nilipokaa kupanga safari, nilimpangia msafiri mwenye macho mawili na miguu ya miaka 20. Kwa maneno mengine, nilijipangia mimi, kisha nikamwalika mama anisindikize.

Nilirudi Nairobi na karatasi zangu. Kwa siku tatu sikuandika kitu. Ukweli ni kwamba nilikuwa na hofu. Tasnifu inatakiwa mwezi wa Septemba, na fedha nilizoweka akiba zinatosha safari moja tu. Nikiiacha Vuga sasa, sura ya tatu itabaki ilivyo, sura ya mtu ambaye hajafika. Nikiishikilia Vuga, nitamburuta mama milimani siku nzima, na hapo Irente tutafika amechoka, jua likiwa la utosini, tukiwa na dakika 30 mkononi. Vuga imekuwepo kwa karne kadhaa. Mwanga uliobaki katika jicho la mama haukuwahi kutoa ahadi ya namna hiyo.

Siku ya nne nilikifungua tena kitabu, nikitafuta tu kujifariji, na nikakutana na jambo ambalo nilikuwa nimelipita mara nyingi. Abdallah bin Hemedi alikuwa karani wa Semboja, mwana wa Kimweri. Na Semboja hakuyaweka makao yake Vuga juu. Aliyaweka Mazinde, bondeni, palipopita njia ya misafara, palipopatikana bunduki na bidhaa. Katika sura yangu ya tatu nilikuwa nimelitaja jambo hilo kwa sentensi moja, kisha nikakimbilia mlimani kwa wafalme. Mwandishi niliyedai kumfahamu alikuwa mtumishi wa mtu aliyeutazama mlima akiwa chini, kutoka karibu na pale pale ambapo babu yangu angekuja kukata mkonge baadaye. Sidai kwamba nimepata nadharia mpya. Ninachosema ni kwamba swali la mama kuhusu Mazinde lilikuwa swali bora kuliko mengi niliyoyaandika kwenye kadi zangu, na alilipata kwa kumsikiliza baba yake.

Nilikwenda kwa msimamizi wangu nikamweleza kwamba Vuga nitaipita kwa mbali, kutoka Soni, na kwamba katika tasnifu nitasema wazi kuwa sijafika. Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Hilo la Mazinde liandike. Na umsalimie mama."

Basi nikaandika ratiba ya pili. Katika safari ya kwenda, mama ataketi upande wa kushoto wa basi, dirishani, kwa sababu milima ya Upare na ya Usambara yote iko upande huo, na jicho lake zima ni la kushoto. Nimemwomba asilale baada ya kupita Same, kwa kuwa Mazinde tutaipita kabla ya Mombo, naye atapata kuutazama mlima kutoka chini kama alivyoutazama baba yake. Tutapanda Lushoto mchana, ili kona zile zisimkute gizani. Ijumaa jioni hakuna kipengele chochote. Ni chai na blanketi. Jumamosi hatutatoka mapema, kwa kuwa ukungu wa mwezi wa Agosti hauna haraka ya kuondoka. Irente tutakwenda kwa gari la kukodi kabla ya saa nne. Jua la asubuhi litakuwa nyuma yetu, lisimpige machoni, na litakuwa likimulika tambarare ile anayotaka kuiona. Nimechukua kofia yake pana. Nimeandika matone saa tatu usiku, siku zote. Wakati wa kuondoka Irente sikuuandika.

Wenzangu katika Chama, sisi tunaosoma fasihi tumezoea kuzungumzia safari kama ishara. Tunaandika kuhusu safari ya shujaa na majaribu yake, na makala zetu huishia hapo. Ningependa kuwaomba jambo moja dogo. Kabla ya kumpangia mzazi safari, muulizeni anataka kuona nini, na muulize mapema, kabla ya kuandika chochote. Huenda jibu lake likawapunguzia vipengele, na huenda likawaharibia sura nzima ya tasnifu. Liacheni liharibu.

Tunaondoka Ijumaa hii. Pasipoti ya mama, ya kwanza maishani mwake, imo kwenye mkoba wake pamoja na cheti cha chanjo ya homa ya manjano na kanga mbili za kujifunika. Jana alinipigia simu kuniuliza kama kule juu kunauzwa mapeasi, kwa kuwa babu alikuwa akisema walioshuka mlimani walikuja nayo kambini. Nikamwambia yapo. Akanyamaza, kisha akasema, "Tukisimama pale, unielezee yale ya pembeni nisiyoyaona. Lakini taratibu, mwanangu. Usinisomee kama ratiba."