Kinanira: Urubani Baada ya Miaka Arobaini

Kinanira ni mtaa wa kusini mwa Bujumbura, jirani na Kinindo na Musaga. Anga inapotakata, milima ya Kongo huonekana ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Uwanja wa ndege uko upande wa pili wa mji, kaskazini. Tangu mwaka 2019 unaitwa kwa jina la Rais Melchior Ndadaye.

Katika mtaa kama huu, askari, karani au mwalimu aliyetimiza miaka 40 aweza kutazama ndege angani na kujiuliza kama wakati wake wa kuwa rubani umekwisha pita. Kanuni za kimataifa hazimfungii mlango. Katika safari za kimataifa za biashara, ukomo ni miaka 65 penye marubani wawili, na 60 kwa arukaye peke yake.

Linalombana ni hesabu. Leseni ya biashara yadai saa 200 angani, au 150 kwa asomaye mfululizo katika chuo kilichoidhinishwa. Leseni ya unahodha wa ndege kubwa yadai saa 1,500. Aanzaye na miaka 40 huenda akaifikia akikaribia 50, akabakiwa na miaka kumi na mitano tu ya kurudisha gharama.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kwa daktari wa marubani, kabla ya kulipa karo. Macho, masikio na moyo hupimwa. Aliyevuka miaka 50 hupimwa umeme wa moyo kila mwaka. Hatua ya pili ni Kiingereza, maana tangu 2008 rubani wa safari za kimataifa hupimwa lugha ya redio, na Mrundi wengi wao wamesomeshwa kwa Kifaransa.

Ya tatu ni shauri la nyumbani. Vyuo viko mbali: Soroti, kilichoanzishwa mwaka 1971, Addis Ababa, au Wilson mjini Nairobi. Ada ya watoto na chakula havingoji. Wala ajira haina dhamana. Air Burundi yenyewe iliacha safari mwaka 2009.

Ukitaka cha mvunguni sharti uiname. Mume na mke wakipiga hesabu pamoja wakaona haitoshi, ufundi wa ndege na uongozaji wa safari nazo ni kazi za anga, na heshima yake si ndogo.