Kwa Rehema, juu ya Rangi Zinazojitokeza Chini ya Macho Baada ya Sindano ya Kujaza

Barua hii shangazi anamwandikia Rehema, ambaye amekwisha kuchomwa upande mmoja na kutokewa na baka.

Rangi inayojitokeza chini ya macho baada ya sindano ya kujaza, yaani sindano inayoingiza kijazio (wenyewe mjini hukiita fila) katika bonde lililo kati ya kope la chini na shavu, haina chanzo kimoja, na linalowaponza wengi ni kuzichukulia rangi zote kuwa damu iliyovilia ambayo itaondoka yenyewe. Iko rangi ya kusubiriwa, iko rangi ya kumrudishia aliyechoma sindano, na iko ile isiyofaa kulala nayo hata usiku mmoja. Binti aliyekwisha kuchomwa hana budi kuzitenganisha kabla hajajipaka chochote, kwa sababu dawa ya moja yaweza kuwa madhara kwa nyingine.

Mahali penyewe ni pagumu. Ngozi ya kope ndiyo nyembamba kuliko zote mwilini, haifikii hata milimita moja, na chini yake upo msuli wa mviringo unaofumba jicho, mafuta kidogo mno, na mishipa mingi ya damu inayopishana katika nafasi finyu. Kijazio kinachotumika zaidi ni jeli ya asidi hayaluroniki, aina ya sukari yenye minyororo mirefu ambayo mwili wenyewe huitengeneza, na ambayo Karl Meyer na John Palmer waliitenga kwa mara ya kwanza mwaka 1934 kutoka katika ute wa macho ya ng'ombe. Ile ya sindano kwa kawaida huzalishwa na bakteria, kisha minyororo yake hufungamanishwa kwa kemikali ili isiyeyuke upesi. Nchini Marekani jeli ya namna hii ilipata kibali cha kutumika kwenye mikunjo ya uso mwaka 2003, lakini kibali cha kwanza mahususi kwa bonde la chini ya macho hakikutolewa hadi mwaka 2022, na kwa miaka yote ya katikati madaktari waliitumia hapo kwa uamuzi wao wenyewe. Anayeambiwa kwamba hiyo ni kazi ndogo ya dakika chache ameambiwa nusu ya habari.

Kuvilia kwa damu ndiko kunakotokea mara nyingi zaidi. Ncha ya sindano hutoboa mshipa mdogo, damu ikamwagika chini ya ngozi, na mwili ukaanza kuivunjavunja: kwanza baka huwa jekundu au la zambarau, kisha himoglobini, ambayo ndiyo rangi ya damu, hubadilika kuwa kemikali ya kijani, halafu ya manjano, hata baka likafifia ndani ya wiki moja au mbili. Kubadilika huko ndiko kunakotuliza moyo, kwa kuwa baka linalogeuka rangi siku hadi siku ni baka linalopona. Kitambaa baridi kinachowekwa juujuu siku ya kwanza, bila kukandamiza, husaidia, na kulala kichwa kikiwa juu hupunguza uvimbe. Kukanda hakufai, maana jeli yaweza kusogea. Aspirini, ibuprofeni, mafuta ya samaki na vidonge vya vitunguu saumu huweza kuzidisha kuvilia, ila anayetumia aspirini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda kwa sababu ya moyo haruhusiwi kuiacha kwa ajili ya urembo pasipo idhini ya daktari wake.

Rangi ya pili ni ubuluu usiobadilika. Haiumi, haipiti katika kijani wala manjano, na wiki zikipita ipo vilevile, pengine pamoja na uvimbe mdogo laini. Hiyo si damu. Jeli ikiwekwa karibu mno na uso wa ngozi huutawanya mwanga, na mwanga wa buluu hutawanyika kuliko mwekundu, kama vile maziwa yaliyozimuliwa kwa maji mengi yanavyoonekana kuwa na ubuluu. Jambo hilo limepewa jina la John Tyndall, mwanafizikia wa karne ya 19 aliyezaliwa Ireland. Barafu haitauondoa ubuluu huo, wala krimu, wala subira, kwa kuwa picha za MRI zimeonyesha jeli ikiwa bado usoni miaka kadhaa baada ya kudungwa. Kinachouondoa ni hayaluronidasi, kimeng'enya kinachoivunja asidi hayaluroniki, nacho hudungwa na mtaalamu baada ya kuuliza kama mgonjwa amewahi kupata mzio, hasa wa kuumwa na nyuki au nyigu.

Rangi ya tatu ndiyo iliyoifanya barua hii iandikwe kwa haraka. Jeli ikiingia ndani ya ateri, au ikiibana kwa nje, eneo linalolishwa na ateri hiyo hukosa damu: ngozi hupauka, kisha hutokea michirizi ya zambarau iliyosukana kama wavu, ikafuatiwa na vipele vyenye usaha na hatimaye kidonda cha ngozi iliyokufa. Si lazima dalili hizo zitokee pale palipochomwa. Zaweza kuonekana shavuni, ubavuni mwa pua au kwenye mdomo wa juu. Maumivu huwa makali kuliko ya baka la kawaida, ingawa jeli nyingi zimechanganywa na dawa ya ganzi, na kwa hiyo kutoumia katika saa za kwanza si ushahidi wa usalama. Vitabu vingi vya fani hii vimezieleza dalili hizi kwa kutazama ngozi nyeupe, na huo ni upungufu mkubwa, kwa kuwa mpauko kwenye ngozi nyeusi waweza kuwa wa kijivu tu, hata usionekane na jicho lisilozoea. Kwa hiyo kipimo cha kidole kinafaa zaidi: ngozi hubonyezwa kidogo kisha huachiwa, na rangi ikichelewa kurudi kwa zaidi ya sekunde mbili au tatu, huku upande wa pili ukirudi upesi, safari ya kwenda kwa daktari haisubiri asubuhi. Kuona giza, kuona viwili viwili, au kope kulegea ghafla baada ya sindano ni dharura kubwa kuliko zote, kwani jeli yaweza kurudi nyuma hadi kwenye ateri ya jicho, na retina huweza kufa ndani ya saa moja au mbili.

Iko pia rangi ya hudhurungi inayobaki baada ya baka kuisha, ama kwa chuma kilichoachwa na damu ndani ya ngozi, ama kwa melanini, rangi ya asili ya ngozi, inayozidi kutengenezwa baada ya uchochezi, jambo linalowapata zaidi wenye ngozi nyeusi. Huchukua miezi kufifia, na katika miezi hiyo kinachohitajika ni kujikinga na jua. Hapa ndipo mkorogo wa kung'arisha ngozi huingia nyumbani kwa mlango wa nyuma. Zebaki na haidrokwinoni zinazotiwa humo mara nyingi, ambazo Tanzania imezipiga marufuku katika vipodozi, hazina ruhusa ya kukaribia kope, na muuzaji anayeapa kwamba wake hauna zebaki hana maabara.

Shangazi hana ugomvi na urembo. Wanja na hina vimekuwako pwani kabla ya kliniki yoyote. Hata hivyo jeli huondoa kivuli cha bonde peke yake, haiondoi weusi wa ngozi. Taa ikielekezwa usoni kutoka mbele, weusi unaotoweka ulikuwa kivuli, na unaobaki ni rangi ya ngozi au ya mishipa iliyo chini yake. Katika ukoo huu weusi huo umerithiwa, bibi alikuwa nao na baba yake Rehema anao, na ni vigumu kuamini kwamba aliyechoma sindano alichukua muda wa kuupima.

Basi kabla ya kukubali kuchomwa upande wa pili, Rehema aombe jina la jeli na kibandiko chenye namba ya toleo, ambacho huja na sindano halali. Aulize kama aliyemchoma ni daktari mwenye leseni na kama hayaluronidasi ipo hapo hapo kliniki, si ya kuagizwa. Kisha apige picha za baka kila asubuhi kwenye mwanga uleule wa dirishani na kuzituma kwa shangazi. Jibu likiwa la kuzungushwa, upande wa pili ubaki ulivyo, na pesa iliyolipwa ihesabiwe imekwenda.