Neno "usiende" halitoshi kumlinda mtoto na maji

Wazazi wengi tunawalinda watoto wetu na maji kwa neno moja tu: usiende. Kwetu Bweranyange, wilayani Karagwe, neno hilo nililisikia kabla sijajua kusoma. Ziwa Rwakajunju liko chini ya vilima vyetu, lakini mimi na ndugu zangu tulilijua kwa macho tu.

Mama alikuwa na sababu zake: viboko, kichocho na MV Bukoba. Meli hiyo ilizama Mei 21, 1996 ikikaribia Mwanza, ikaondoka na mamia ya watu. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Mama alimpoteza shoga yake waliyesoma naye, na woga ule akatulisha pamoja na ndizi.

Sasa naishi Dar es Salaam, naandika habari za afya. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, karibu robo yao wakiwa watoto wa chini ya miaka mitano. Shirika hilo hilo linashauri watoto wa kuanzia miaka sita wafundishwe kuogelea na kujiokoa. Binti yangu alipotimiza miaka sita, nilijua siwezi kumfundisha nisichokijua. Nikaanza mimi.

Nilianza na bwawa la kuogelea, miezi mitatu. Kisha rafiki yangu akaniunganisha na nahodha wa boti ya matanga inayolala Msasani. Mzee huyo ni mtu wa Mafia aliyekulia kwenye majahazi. Alikubali kunifundisha kwa siku tano.

Nilitegemea kulowa na kuungua jua. Nikakuta nyumba: vitanda vyenye mashuka, meza ya chakula, choo, na jiko linalobembea ili sufuria isimwagike boti inapolala upande. Nilimuuliza mzee kama starehe zote hizo hazimlegezi mwanafunzi. Akacheka. "Mtu mwoga hafundishiki, mwanangu. Mpe chai kwanza."

Alikuwa na haki. Boti hizi za kusafiria zina mkuku mzito chini yake, na uzito huo ndio unaoirudisha wima upepo ukiilaza. Ukishalijua hilo, moyo unatulia na masikio yanafunguka. Ila mzee alinionya kuwa starehe inaweza kukusahaulisha kuwa uko baharini. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya chai, tulikagua majaketi ya kujiokolea na kutazama mawingu.

Ilikuwa Januari, kaskazi inavuma, nasi tulitaka kwenda kisiwa cha Mbudya, yaani kule kule upepo unakotoka. Boti ya matanga haiwezi kuukabili upepo uso kwa uso. Inabidi kubisha: unakwenda upande huu, unageuza tanga, unakwenda upande ule, mpaka unafika.

Somo lililonikaa zaidi ni la demani, kamba inayolidhibiti tanga. Upepo ukizidi na boti ikilala, mkono wa mwoga huvuta kamba kwa nguvu. Ukivuta, tanga linaushika upepo zaidi na boti inazidi kulala. Ukilegeza, upepo unapita na boti inasimama. Mzee alinirudishia hilo mara nyingi sana: "Ukiogopa, legeza."

Siku ya tano niliruhusiwa kuja na binti yangu. Mama, ambaye alikuwa amekuja kututembelea kutoka Bweranyange, akasema mjukuu wake haendi popote. Nikajaribu historia. Nikamwambia mwaka 1876 Stanley alifika kwetu enzi za Rumanyika na boti yake ya Lady Alice, wapagazi wakiwa wameibeba vipande vipande, wakaiunga na kuishusha ziwani.

"Na mama yake Stanley alikuwepo?" akauliza.

Aliyemshawishi ni mzee. "Shikamoo, mama. Njoo umwangalie mwenyewe. Tunaishia hapo Bongoyo, na ukisema turudi, tunarudi."

Mama alikuja. Alivaa jaketi, akakagua choo, akakaa ameushika mkono wa mjukuu wake. Tulipotoka kwenye ghuba upepo ukaongezeka, boti ikalala. Mama akaita jina la Mungu. Mzee hakugusa kitu, alinitazama tu. Nikalegeza demani. Boti ikanyooka.

"Umefanya nini?" mama akauliza.

"Nimelegeza kamba tu, mama."

Hakusema turudi. Usiku ule, nyumbani, alizungumza habari za shoga yake kwa mara ya kwanza bila kukatisha. Alitaja jina lake, na gauni alilokuwa ameshonesha kwa safari ile. Mwishoni akasema, "Hakujua kuogelea. Hata mimi sijui. Hakuna aliyetufundisha."

Mzazi mwenzangu, sikuambii utafute boti yenye vitanda. Wengi wetu hatutaipata, hata mimi niliipata kwa hisani. Lakini mambo aliyonifundisha mzee hayahitaji boti hiyo. Mtoto mdogo akiwa karibu na maji, mtu mzima mmoja awe na kazi ya kumtazama tu, simu ikae mfukoni. Kwenye mtumbwi au kivuko, jaketi livaliwe kabla ya kung'oa nanga na limtoshe mtoto, maana la mtu mzima humchomoka. Chombo kikijaa kupita kiasi, shuka, hata kama umeshalipa nauli. Mtoto akiona mwenzake anazama, asijitupe majini. Apige kelele na kurusha kamba, fito au dumu tupu lililofungwa. Na kwa sisi wa maziwani, kichocho bado kipo, kwa hiyo mtoto aliyeingia maji ya ziwa apelekwe kupimwa.

Woga wa mama haukuwa wa kipuuzi. Ulikuwa msiba ambao haukupata mafunzo ya kuusaidia.

Juzi alinipigia simu kutoka Bweranyange. Kaka yangu siku hizi anavua ziwani, na mwanawe wa miaka minane ameanza kumfuata mtumbwini. Nilitegemea mama aniombe nimkanye. Aliniuliza jaketi la mtoto wa umri huo linauzwa shilingi ngapi.