Rangi za Kitanda cha Mtoto

Ni nani kati yetu asiyefurahi kumwandalia mtoto mchanga mahali pazuri pa kulala? Kabla mimba haijatimiza hata miezi saba, macho yetu yamekwisha kuanza kutembea madukani. Hapa Arusha vishawishi ni vingi. Ukipita mjini, au ukishuka gulioni Tengeru siku ya Jumamosi, utakuta shuka zenye twiga na tembo, vijimto vya umbo la moyo, na mablanketi yenye manyoya laini ya kila rangi. Mkono wenyewe huenda kwenye mkoba.

Katika kikundi chetu cha akina mama kanisani tunayo desturi ya kumtembelea kila aliyejifungua na kumpelekea zawadi. Baadhi yetu ni wauguzi, na kwa miaka mingi tumewafundisha wazazi wodini namna ya kumtunza mtoto. Hata hivyo tulikosea, na tunaona vema kuwasimulia kosa letu ili liwafae wengine.

Ilikuwa Julai 2017. Binti mmoja wa kanisani kwetu, anayekaa Ilboru, alijifungua mtoto wake wa kwanza, msichana wa kilo 2.2. Mnafahamu baridi ya Julai katika miteremko ya Meru: mlima ule wa zaidi ya mita 4,500 hujifunika mawingu, na jua huweza kutoonekana hadi mchana. Tulichanga fedha, tukaenda mjini watu wanne.

Dukani tulibishana karibu saa nzima. Mmoja alitaka rangi ya waridi kwa kuwa mtoto ni wa kike. Mwingine alisema njano ndiyo inayochangamsha chumba. Wa tatu alikumbusha kwamba siku ya kukabidhi zawadi mama mchungaji angekuwepo, hivyo tusiaibike. Mwishowe tulinunua seti nzima ya waridi na njano: shuka, mto, blanketi nene la manyoya, na kile kitambaa kilichojazwa pamba cha kuzungushia kitanda. Tulikabidhi, tukaimba, tukaomba, tukaondoka tumeridhika.

Baada ya siku nne wawili wetu tulirudi kumjulia hali, bila kutoa taarifa. Tulipobisha hodi tulisikia pilikapilika ndani. Mlango ulipofunguliwa, mtoto alikuwa amelazwa katikati ya seti yetu, kichwa juu ya mto, blanketi limemfika kidevuni. Alipendeza kama picha. Lakini mmoja wetu alipomgusa nyayo, zilikuwa baridi. Akamgusa tumbo, nalo baridi. Tulikuwa na kipimajoto mkobani. Kilionyesha nyuzi 36, wakati mtoto mchanga anatakiwa awe kati ya 36.5 na 37.5.

"Mwanangu, amelala hapa tangu lini?" tuliuliza.

Binti akainamisha kichwa. "Mama zangu, nisameheni. Siku zote nakuwa naye kifuani, kama nilivyofundishwa hospitali. Ila asubuhi hii nilisikia akina mama wa kanisani wanapita huku mtaani. Nikaona nisiwavunje moyo, mkute zawadi yenu inatumika."

Bibi yake, ambaye tulimwita koko kama wafanyavyo Waarusha, alikuwa ameketi karibu na mlango. Aliinuka, akamtoa mtoto kitandani, akamvua nguo akabaki na nepi na kofia, akamweka kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, kisha akawafunga wote wawili kwa khanga na kuwafunika shuka nyekundu ya kimasai. "Wanangu," alituambia kwa upole, "maua yenu ni mazuri. Lakini mtoto hapati moto kwa maua."

Tulikaa pale zaidi ya saa moja. Mtoto akaanza kunyonya, nyayo zikapata joto, na kipimajoto kikafika 36.7. Njiani kurudi hatukuongea mengi. Sisi tuliosomea kazi hii tulikuwa tumenunua kitanda cha kupendeza macho yetu wenyewe, na binti wa watu alikuwa amemwondoa mwanawe kwenye joto kwa heshima yetu.

Alichofanya koko ndicho tunachokifundisha wodini kwa jina la kangaruu. Njia hiyo ilianzia Bogotá, nchini Kolombia, mwaka 1978, pale daktari Edgar Rey alipokuwa na watoto njiti wengi kuliko vifaa vya kuwatia joto. Leo Shirika la Afya Duniani linaipendekeza kwa watoto wote wanaozaliwa kabla ya wakati au wakiwa chini ya kilo 2.5. Mama hukaa amejiinamisha nyuma kidogo, mtoto akiwa wima kifuani, kichwa kimegeuzwa upande ili apumue vizuri. Mama akichoka, baba au bibi humpokea.

Je, rangi zisinunuliwe? La, rangi ni baraka ya Mungu. Ila tuzipange mahali pake. Mtoto wa wiki ya kwanza huona vizuri vitu vilivyo karibu tu, kama sentimita 20 hadi 30, ndio umbali wa uso wa mama anaponyonyesha. Rangi huanza kuzifaidi sawasawa baada ya miezi kadhaa. Hivyo kitambaa chenye twiga kitundike ukutani au dirishani, naye atakikuta akikua.

Chini ya mtoto tandika shuka nyepesi ya pamba, yenye rangi hafifu, isiyo na michoro mingi. Juu ya shuka ya namna hiyo utaiona haraka damu ya kitovu, au matapishi yenye rangi isiyo ya kawaida. Ngozi nayo itazame penye mwanga wa mchana, maana pazia la njano huweza kukuficha manjano ya mtoto. Godoro liwe gumu kiasi. Mtoto alazwe chali, bila mto, bila kitambaa cha kuzungushia, bila blanketi la manyoya karibu na uso, maana vitu laini huweza kumziba pumzi. Kitanda chake kikae karibu na cha mama, chini ya chandarua.

Khanga na vitenge vipya vifuliwe kabla havijamgusa mtoto. Loweka kila rangi peke yake, kisha sugua pembe yenye maji kwenye kitambaa cheupe. Kikiacha rangi, rudia kufua. Anika juani, piga pasi, hakikisha kimekauka kabisa, maana kitambaa chenye unyevu humnyang'anya mtoto joto.

Siku hizi kikundi chetu kinapeleka doti mbili za khanga, kofia na soksi za kufuma, shuka mbili za pamba na chandarua. Rangi ya khanga tunamwachia mama mwenyewe achague. Na tunapofika, neno la kwanza tunalosema ni hili: "Usimwondoe mtoto kifuani kwa ajili yetu."

Mariamu alipojifungua kule Bethlehemu hakuwa na kitanda cha mtoto. Alikuwa na nguo za kumvika mwanawe, hori la kumlaza, na mikono yake mwenyewe. Binti yule wa Ilboru sasa huja na mwanawe katika shule ya Jumapili, msichana mwenye mbio na maneno mengi. Ile seti ya waridi na njano anailalia mdoli wake, na mto wenye umbo la moyo umekwisha kutoboka.